Maji ya Kuamshia Mguu

Habari ililetwa na muuza sabuni, pamoja na sabuni yenyewe. Alitua beseni lake mlangoni, akajifuta jasho, kisha akashusha sauti, ile sauti ya mtu anayetaka asikike vizuri.

"Shoga, umeyasikia ya mtoto wa mtaa wa nyuma?"

"Mtoto gani tena?" aliuliza Mama Chiriku. Mikono yake ilikuwa imezama kwenye povu.

"Aliamka asubuhi mguu umekufa ganzi. Wakadhani mchezo. Kumbe mshipa umeshajifunga! Hatembei mpaka leo."

"Acha wewe!"

"Nikudanganye nipate nini? Na dawa yake ni kitu kidogo tu, laiti wangewahi. Mguu ukifa ganzi, unautia kwenye maji ya moto. Mtoto humtoi mpaka alie. Akilia tu, ujue mshipa umefunguka."

Muuza sabuni akajitwika beseni lake, akaenda zake. Maneno akayaacha palepale.

Mama Chiriku alikuwa dobi. Yeye na mumewe walifanya kazi uani kwao. Mke alifua, mume alipiga pasi. Kulikuwa na shuka za nyumba ya wageni, sare za shule, na makoti meupe ya zahanati. Sufuria kubwa ya kuchemshia nguo nyeupe ilikaa motoni tangu asubuhi mpaka jioni.

Walikuwa na binti mmoja wa miaka tisa. Watu walimwita Chiriku, kwa sababu kama yule ndege, mdomo wake haukujua kupumzika. Chiriku naye alikuwa na kazi yake pale uani. Akitoka shule, alishona uzi wa rangi kwenye pindo la ndani la kila nguo, ili nguo za wateja zisichanganyike. Nyekundu kwa nguo za nyumba ya wageni. Kijani kwa za zahanati. Wakati wa kushona aliukunja mguu mmoja, akaukalia. Ndivyo alivyopenda kukaa tangu mdogo.

Zamani mama yake hakuliona jambo hilo. Sasa akawa haoni lingine.

"Chiriku, nyoosha mguu!"

"Nimeunyoosha sasa hivi, mama."

"Unyooshe tena!"

"Utakuwa mrefu kama wa korongo, nikose viatu."

Baba yake alicheka kutoka kwenye meza ya pasi. "Mwache mtoto ashone. Unampigisha gwaride?"

"Wewe cheka tu. Siku mguu ukigoma, utambeba wewe."

Mume alidhani mkewe anatania. Hakuwa anatania. Yale maneno ya muuza sabuni yalikuwa yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akifua anayafikiria. Akianika anayafikiria. Na alikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu, tutafika huko.

Jumamosi moja nyumba ya wageni ilileta shuka lundo zima. Chiriku alishona muda mrefu, mguu ameukalia, huku akiimba. Baba yake alitoka kupeleka nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Chiriku alipoinuka ili ajinyooshe, akapepesuka, akaanguka juu ya shuka.

"Mama! Mguu wangu haupo!"

Alisema huku anacheka. Lakini mama yake hakusikia kicheko. Alisikia neno moja tu: haupo.

Alimnyanyua mtoto juujuu, akamkalisha kwenye kreti la soda lililogeuzwa, miguu ikining'inia, ukingo wa kreti ukimkaba nyuma ya paja. Akavuta beseni. Akachota maji yaliyokuwa yanatokota kwenye sufuria, akayachanganya na baridi kidogo, akapima kwa ncha za vidole.

Vuguvugu. Akauingiza mguu.

"Unasikiaje?"

"Sisikii kitu, mama."

"Hata moto?"

"Hata. Ni kama mguu wa mtu mwingine. Ngoja nisimame niutikise."

"Usithubutu! Kaa hapo hapo!"

Akaongeza kopo la maji ya moto. Akapima tena. Kwake yeye bado yalikuwa vuguvugu tu.

"Sasa je?"

"Kimya."

"Lia basi, mwanangu!"

"Nilie nini na siumwi?"

"Lia tu, Chiriku! Lia kidogo!"

Chiriku alimkazia macho mama yake. Akajaribu kulia, akashindwa, akaangua kicheko. Mama akachota kopo jingine.

"Hodi wenyewe! Makoti yangu tayari?"

Alikuwa muuguzi wa zahanati. Kila mtu mtaani alimwita Dada Nesi. Alifika kila Jumamosi kuchukua makoti yake. Alipoona mvuke unapanda kutoka kwenye beseni lenye mguu wa mtoto, hakungoja kukaribishwa.

"Mama Chiriku, maji hayo ya nini?"

"Ya kumfungua mshipa. Usijali, ni vuguvugu."

Dada Nesi aliinama, akagusisha kiwiko chake kwenye maji. Kiwiko kiliruka chenyewe.

"Toa mguu! Toa sasa hivi!"

Alimnyakua mtoto kutoka kwenye kreti, akambeba mpaka kwenye bomba la uani, akamkalisha kwenye ukuta mfupi. Akafungulia maji ya baridi yatiririke juu ya mguu. Mguu ulikuwa umeiva kama nyanya.

Kisha Chiriku akaguna.

"Sisimizi," alisema. "Sisimizi wanatembea ndani ya mguu." Halafu uso wake ukakunjamana. "Mama! Unachoma! Mama, unachoma!"

Akalia. Akalia kilio cha kweli, chenye makamasi. Mama yake alijishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Si nilitaka alie?" alisema. "Ona sasa. Nimemuunguza mwanangu kwa mkono wangu."

"Tumewahi kumtoa," alisema Dada Nesi. "Kidogo tu zaidi, na ngozi ingetoka. Sasa tutulie. Maji haya yatamtiririkia dakika ishirini. Barafu hatuweki. Mafuta hatuweki. Dawa ya meno hatuweki. Maji ya bomba tu."

Ndipo baba akarudi, kapu tupu begani. Alielezwa. Alitaka kufoka, lakini alipoona uso wa mkewe, akaacha. Akaketi kando ya binti yake, akamshika bega.

"Dakika ishirini ni nyingi kwa mtoto anayelia," alisema Dada Nesi. "Chiriku, unataka kujua mguu wako ulikwenda wapi?"

Chiriku akavuta kamasi. "Ulikwenda wapi?"

"Haukwenda popote. Ulikuwa unapiga kelele. Ila wewe hukuzisikia."

Juu ya ukuta ule mfupi ilipita kamba ya kuanikia nguo. Dada Nesi akamwambia Chiriku afumbe macho, ashike ncha ya kamba kwa vidole viwili. Yeye akaenda mpaka upande wa pili wa ua, kwenye ncha nyingine.

"Nikivuta, useme."

Akavuta kidogo.

"Umevuta!"

"Na sasa?"

"Umevuta tena! Mara mbili!"

"Umejuaje, na umefumba macho?"

"Kamba imeniambia."

"Haya. Baba Chiriku, njoo katikati. Ishike kamba kwa mikono yote miwili, ikaze sana, isitikisike."

Baba akaja, akaikaba kamba kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. Dada Nesi akavuta. Akavuta tena.

"Bado hujavuta," alisema Chiriku.

"Nimevuta mpaka nimechoka. Fumbua macho uone."

Chiriku akafumbua. Akamwona baba yake kwenye kamba. "Aa! Baba ameizuia!"

"Kamba imekatika?"

"Hapana."

"Imekufa?"

"Kamba haifi, Dada Nesi!"

"Tufanyeje basi, ili habari ifike? Tuimwagie maji ya moto?"

Chiriku alicheka na machozi yakiwa bado mashavuni. "Baba aachie tu!"

Baba akaachia. Dada Nesi akavuta. Chiriku akapiga kelele, "Imefika!"

Dada Nesi akarudi akaketi. "Ndani ya mwili wako kuna kamba nyingi sana, nyembamba. Zinaitwa neva. Wengine huziita mishipa ya fahamu. Si mishipa ya damu. Mishipa ya damu hupitisha damu. Neva hupitisha habari. Zimetoka kwenye vidole, kwenye nyayo, kwenye ngozi yote. Zinaingia kwenye uti wa mgongo, zinapanda mpaka kwenye ubongo, humu kichwani. Ubongo ndio unaosema: hiki ni cha moto, hiki ni cha baridi, hapa nimechomwa na mwiba."

"Kuna mtu anazivuta?"

"Hapo ndipo neva na kamba zinapoachana. Neva haivutwi. Ndani yake hupita umeme mdogo, mdogo mno. Hauwezi hata kuwasha taa. Lakini unakwenda mbio kweli. Ukikanyaga mwiba, kabla hujamaliza kusema 'uwi', habari imeshafika."

"Na mimi niliikalia neva yangu?"

"Uliikalia, kama baba alivyoikaba kamba. Halafu ukingo wa kreti ukaendelea kuibana hapa nyuma ya paja. Mguu ukasema 'naungua!' Habari ikakwama njiani. Ungesimama ukautikisa mguu, kama ulivyotaka mwenyewe, ingefunguka bila dawa yoyote."

Mama Chiriku aliinamisha uso. Ni yeye aliyesema usithubutu.

"Na wale sisimizi?" aliuliza Chiriku.

"Neva ikiachiwa, inaanza kutuma habari ovyoovyo, kama mtu aliyeamshwa ghafla. Ndizo zile sindano unazozisikia. Zinapita."

"Kwa hiyo neva kazi yake ni umbea tu. Kuchukua habari na kupeleka."

Baba akacheka kwa sauti. Hata mama akatabasamu kidogo.

"Hazileti habari tu," alisema Dada Nesi. "Nyingine zinashusha amri. Ubongo unasema 'tembea', neva inaipeleka kwenye nyama za mguu, mguu unatembea. Ndiyo maana ulianguka. Habari zilikwama, na amri zilikwama. Na kuna amri nyingine hata hazingoji ubongo. Baba Chiriku, umewahi kugusa pasi ya moto?"

"Niulize nimeigusa mara ngapi."

"Ulipoigusa, ulifikiria kwanza?"

"Nifikirie saa ngapi? Nilishtukia mkono umeshatoka, na mguu umeshamkanyaga paka. Maumivu yalikuja baadaye. Ya kwangu na ya paka."

"Unaona, Chiriku? Habari ilifika kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo ukatoa amri palepale: ondoa mkono! Ubongo ukaarifiwa baadaye. Mwili unajilinda hivyo. Maumivu ni askari wa zamu. Askari akilala, mtu anaungua huku anacheka."

Chiriku alitazama mguu wake.

Kisha Dada Nesi akamgeukia mama. "Sasa wewe. Yale maji uliyapima kwa kitu gani?"

"Kwa mkono. Mikono yangu imezoea."

"Mimi kiwiko kimeruka, wewe ukasema vuguvugu. Hebu nipe huo mkono. Fumba macho."

Mama alisita. Akautoa mkono wa kulia, akafumba macho. Dada Nesi alichukua uzi wa Chiriku, akaupitisha taratibu juu ya kidole kidogo.

"Nimegusa wapi?"

"Kidole kidogo."

Akaupitisha kwenye kidole cha shahada.

"Bado hujagusa," alisema mama.

Akagusa kidole cha kati. Akagusa gumba.

"Si uguse basi, tunamchelewesha mtoto."

Chiriku alifungua mdomo aseme, baba yake akamwekea kidole midomoni. Mama akafumbua macho. Aliwaona wote watatu wanamtazama. Akaona uzi umelala juu ya gumba lake, naye hausikii.

Akashusha pumzi. Ile sababu aliyoificha ikatoka.

"Mwaka sasa," alisema. "Usiku vidole vinawaka sindano, naamka naukung'uta mkono. Asubuhi vifungo vinanitoka vidoleni. Niliogopa. Muuza sabuni aliponiambia ganzi inapooza mtu, nikasema, kumbe ndiyo imeingia nyumbani mwetu, na imemfikia mtoto."

"Mbona hukuniambia?" mumewe aliuliza kwa upole.

"Nikuambie, daktari aseme niache kufua? Tule nini?"

"Na yule mtoto wa mtaa wa nyuma," aliuliza Dada Nesi, "ni wa nani?"

"Sijui. Aliyeniambia naye aliambiwa."

"Basi mimi siwezi kumsemea mtoto ambaye hakuna aliyemwona. Lakini mkono huu nimeuona. Jumatatu njoo zahanati. Ganzi ya kukalia mguu hupita. Ganzi ya mwaka mzima haipiti kwa kunyamaziwa."

Dakika zikatimia. Dada Nesi akafunika mguu kwa kitambaa safi. Palitokea lengelenge moja dogo ubavuni. Akakataza lisitumbuliwe, akamtaka mtoto naye aletwe Jumatatu litazamwe.

Jumatatu walikwenda watatu. Baba alifunga kazi asubuhi ile, akasema pasi itapoa na haitalia. Mguu wa Chiriku ulionekana unaendelea vizuri. Kisha daktari akaushika mkono wa mama. Akamgongagonga kwenye kifundo, pale watu wanapofunga saa. Mama akashtuka.

"Sindano! Mpaka kwenye gumba!"

"Hapa kuna njia nyembamba," alisema daktari. "Neva ya vidole hivi inapita humu. Unakamua nguo nzito kila siku, umeukunja mkono. Njia imevimba, neva inabanwa. Ni kama mwanao alivyoukalia mguu, ila wewe umekalia mkono mwaka mzima."

Mama aliuliza, "Niache kazi?"

"Nani amesema uache? Uache kukamua peke yako. Usiku uvae kifaa nitakachokupa, kitaunyoosha mkono ukiwa umelala. Na urudi nikuone. Ukichelewa, nyama za gumba zitasinyaa, na hapo itakuwa kazi nyingine. Lakini hujachelewa."

Mama alitoka pale mwepesi kama aliyetuliwa mzigo.

Tangu siku hiyo shuka za nyumba ya wageni hukamuliwa na watu wawili. Mke anashika ncha moja, anatulia. Mume anashika nyingine, ndiye anayezungusha.

"Baba, taratibu," Chiriku humwambia. "Shuka haijakukosea."

"Nyamaza, chiriku wewe. Hii ni neva ya mama yako naiokoa."

Sindano za usiku zilipungua, zikaja kwa nadra, kisha mama akalala mpaka asubuhi. Siku moja alifunga vifungo vya koti la Dada Nesi, vyote, kimoja baada ya kingine. Alipomaliza, akavifungua akavifunga tena, kwa raha tu. Lengelenge la Chiriku lilikauka, likaacha ngozi mpya ya rangi ya waridi, ambayo aliionyesha shule nzima. Sasa anashona miguu ameinyoosha, na kila akimaliza nguo mbili tatu, anasimama anacheza kidogo. Baba yake anasema kucheza kunazidi kushona. Mama yake anasema acha acheze.

Haya hapa ndiyo ya kuepuka. Yasome, na umsomee mwenzako.

Usikalie mguu muda mrefu, wala usilalie mkono. Badili mkao.

Mguu au mkono ukifa ganzi, usiutie kwenye maji ya moto. Usiukande kwa moto, usiuchome sindano. Ondoa kinachoubana, uunyooshe, uutikise, usubiri.

Usimlazimishe mtoto mwenye ganzi kutembea kabla hajausikia mguu. Ataanguka.

Usipime maji ya mtoto kwa vidole vilivyozoea moto. Tumia kiwiko.

Aliyeungua usimpake mafuta, dawa ya meno wala unga. Usimwekee barafu. Mtiririshie maji safi ya baridi dakika ishirini. Lengelenge usilitumbue.

Usikamue nguo nzito peke yako kutwa nzima.

Usikae nyumbani na ganzi isiyopita, au inayorudi kila usiku, au baka la ngozi lisilosikia kitu. Nenda zahanati.

Usingoje hata saa moja kutafuta hospitali kama ganzi au udhaifu umekuja ghafla upande mmoja wa mwili, au mdomo umekwenda upande, au mtu ameanguka akaumia shingo au mgongo. Aliyeumia shingo au mgongo usimnyanyue ovyo. Ita msaada.

Usifuate dawa ya mtu ambaye naye aliambiwa.

Na wewe mama, usifiche maumivu yako kwa kuogopa kazi.